Kabla hujabonyeza hiyo vepu, gawanya kwanza

Sijaja kumhubiria mtu mzima aache kuvepu, yaani kuvuta sigara ya umeme, nikotini inashika na kila anayevuta analijua hilo. Kinachonikera ni washkaji wa hapa Mbeya wanaojifungia koili wenyewe, ule waya unaopata moto ndani ya vepu, wakati ile V ni sawa na I mara R (volti ni ampea mara omu) waliiacha darasani pamoja na daftari.

Chukua ile vepu ya bomba, haina sakiti ndani, ni betri moja ya saizi inayoitwa 18650 na kitufe basi. Betri ikijaa ni volti 4.2. Koili ikiwa omu 0.5 unagawanya tu volti kwa omu, unapata ampea 8.4, betri nzuri inabeba bila shida. Sasa jamaa anataka moshi kama ukungu wa Uyole asubuhi, anashusha koili mpaka omu 0.1, hapo ni ampea 42, na betri nyingi nzuri za saizi hiyo mwisho wake ni ampea 20 mpaka 30. Zile za kuchomoa kwenye laptop mbovu ndo usiseme, hazikutengenezwa kutoa moto wa hivyo. Na ukiona imeandikwa 9900mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, ujue umepigwa, 18650 ya ukweli inacheza 2000 mpaka 3500 na kidogo, sasa mtu aliyekudanganya mAh utamwamini vipi kwenye ampea?

Haya, unasema utapima. Vizuri, mafundi simu pale Kabwe wana mita, ila mita ya bei chee inadanganya kwenye omu ndogo kwa sababu waya zake zenyewe zina ukinzani. Gusanisha ncha mbili kwanza uone inasoma ngapi, ndo utoe. Ikisoma 0.3 kwenye koili na waya peke yake ni 0.2, koili yako ni 0.1 bro, wewe unajiona uko salama kumbe uko kulekule kwenye ampea 42.

Kingine ni ile nailoni ya nje ya betri. Watu wanadhani ni urembo, kumbe mwili mzima wa betri ni hasi mpaka karibu na kile kichwa cha chanya, kwa hiyo ikichanika pale juu ikagusa chuma, shoti. Na huku kwetu na hii baridi kila mtu ana koti, mfuko mmoja una funguo, sarafu za mia mbili na betri ya akiba humohumo. Weka kwenye kiboksi cha plastiki jamani.

Mimi ningekuwa na uwezo, hizo za bomba wangeuziwa wanaojua kusoma mita tu, wengine wote wachukue zenye sakiti inayokata yenyewe ikiona shoti. Na hata hiyo yenye sakiti, ikipata moto mkononi wakati hujabonyeza kitu, acha kuitumia, toka nayo nje uiweke kwenye zege mbali na watu, usijifanye fundi wa kuifungua.