Kabla Hujaiuza Hati ya Deni, Zungumza Kwanza na Unayemdai

Barua za kampuni zinazonunua madeni ya watu zinafanana zote. Jina lako limeandikwa sawasawa, anwani ya nyumba uliyoiuza ipo, wakati mwingine hata tarehe ya mauzo ipo, na chini yake ahadi: tunanunua hati yako kwa fedha taslimu, haraka, bila usumbufu. Wengi wetu tunaoishi huku Marekani tukiipata tunashtuka, tunajiuliza wamejuaje. Ukimuuzia mtu nyumba akulipe kidogo kidogo, anakusainia hati ya deni, yaani ahadi ya kulipa, na rehani inayoifanya nyumba kuwa dhamana husajiliwa katika ofisi ya kaunti, na kumbukumbu za kaunti ziko wazi kwa yeyote. Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kuzipekua, zikitafuta mtu binafsi anayemdai mtu binafsi mwenzake.

Mimi nasema barua hiyo iweke pembeni kwanza. Wa kwanza kuuziwa lile deni awe mdaiwa mwenyewe, yaani umpunguzie alipe mmalizane. Akishindwa, uza sehemu tu ya marejesho. Kuuza hati nzima kuwe ndiyo njia ya mwisho, ukiwa umeshapiga hesabu na umeona huna pa kutokea.

Naliandika hili kwa sababu biashara hii imeingia sana miongoni mwetu. Hapa Houston, mwenzetu anataka kuuza nyumba. Anayeitaka ni Mkongo au Mkenya anayeendesha lori, kipato anacho, lakini benki inamkataa kwa kuwa hana rekodi ya mikopo ya kutosha au amejiajiri na taarifa zake za kodi ni za mwaka mmoja tu. Basi muuzaji anakubali: nipe kianzio, saini hati ya ahadi ya kulipa, nyumba iwe dhamana, kila mwezi unaniletea. Ni utaratibu halali na una faida kwa wote wawili. Shida inaanza pale muuzaji anapohitaji fedha nyingi kwa mkupuo. Mgonjwa nyumbani, kiwanja Kigamboni, mtoto kaingia chuo. Hapo ndipo ile barua inapookotwa kutoka kwenye droo.

Tuchukue hati ya dola 100,000, riba asilimia 6 kwa mwaka, miaka 30. Rejesho la mwezi ni dola 599.55. Anayenunua hati haangalii hizo 100,000 unazodai. Anajiuliza: nikitaka fedha yangu inizalishie asilimia 10, nilipe ngapi leo ili nipate haya marejesho 360? Jibu ni kama dola 68,300. Akitaka asilimia 12, inashuka hadi kama 58,300. Hajakuibia. Fedha ya miaka 20 ijayo hailingani na ya leo, na hatari ya mdaiwa kukwama inahamia kwake. Lakini mtu anayedai laki moja akiambiwa achukue elfu hamsini na nane, ana haki ya kuvuta pumzi na kuuliza kama kuna njia nyingine.

Njia ipo. Badala ya marejesho yote 360, muuzie yule mnunuzi wa hati 60 ya kwanza tu, yaani miaka 5. Kwa hesabu ile ile ya asilimia 10, atakupa kama dola 28,200 leo. Miaka 5 ikiisha, hati inarudi kwako, na deni linalobaki juu yake ni kama dola 93,050. Rudia kuisoma hiyo. Umepata zaidi ya elfu 28 mkononi, na bado unadai zaidi ya elfu 93. Sababu ni kwamba katika miaka ya mwanzo ya mkopo mrefu, sehemu kubwa ya kila rejesho huenda kwenye riba na deni lenyewe hupungua polepole mno. Wanunuzi wengi wanaijua njia hii, na wengi hawatakutajia mpaka uulize. Kwa hiyo uliza. Ukiwa na shida ya elfu 25, kwa nini uuze laki moja?

Ila mkataba wa kuuza sehemu usomwe na wakili wako, si wa kwao. Mambo mawili yawe yameandikwa bila utata: mdaiwa akilipa deni lote kabla ya miaka 5, nani anachukua kiasi gani, na mdaiwa akiacha kulipa, nani anasimamia kuuza nyumba, na je, wewe utalazimika kumrudishia mnunuzi fedha zake? Hilo la pili ni zito hata kwa anayeuza hati nzima. Unapoihamisha hati unaandika na kusaini nyuma yake au kwenye karatasi iliyoambatishwa. Hakikisha maneno ya hapo yanasema wazi kwamba mnunuzi hatakurudia wewe kama mdaiwa hatalipa. Bila maneno hayo, saini yako inaweza kukufanya mdhamini wa deni ambalo ulidhani umeshaachana nalo.

Sasa mdaiwa. Kuna mama mmoja mtu wa Tanga, wengi wetu hapa tunamwita shangazi, alikuwa anaidai familia ya Kikongo kwa nyumba aliyowauzia. Kaka yake alilazwa, fedha zikahitajika, na kampuni moja ikamwahidi bei ya chini kabisa. Alipokwenda kuwaaga wale wadaiwa, maana aliona si adabu mtu akapata mdai mpya bila kuambiwa, baba mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mama, kumbe unaweza kupunguza? Mbona hukutuambia sisi?" Wakati ule walikuwa wameshalipa miaka kadhaa bila kuchelewa, kila rejesho limepita benki, na taarifa za kodi za biashara ya lori zimeshakuwa za zaidi ya mwaka mmoja. Benki iliyowakataa zamani ikawakubali. Shangazi alipunguza deni, wao wakalimaliza, na alichopata kilikuwa kikubwa kuliko ile bei ya kampuni. Ilichukua miezi, na fedha za hospitali za mwanzo tulichanga. Kwa mwenye haraka ya wiki moja njia hii haifai, nalikubali hilo.

Lakini angalia hesabu yake. Kampuni inakupa 68,000 kwa deni la 100,000. Ukimwambia mdaiwa "nipe 85,000 tumalizane," wewe umeongeza 17,000 na yeye ameokoa 15,000. Fedha hiyo imebaki ndani ya nyumba mbili zinazojuana. Sielewi kwa nini jambo hili halizungumzwi kabla ya lingine lolote. Nadhani ni aibu. Mdai anaona akitaja shida zake ataonekana anadai kwa nguvu, na mdaiwa anaogopa kuuliza asije akaonekana mkorofi.

Kwa Waislamu kuna sababu ya ziada. Wapo waliouza nyumba kwa bei moja iliyokubaliwa, ilipwe kwa awamu bila riba, na sasa wanaulizwa wauze deni hilo kwa kampuni kwa bei pungufu. Baraza la Fiqhi, yaani la sheria ya Kiislamu, la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, lilisema kumpunguzia mdaiwa ili alipe mapema kunajuzu, mradi hamkukubaliana hivyo tangu mwanzo na mradi jambo linabaki kati ya mdai na mdaiwa. Akiingia mtu wa tatu, halijuzu. Mwenye kujali dini yake aanzie hapo, amuulize sheikhe wake, kabla hajapiga namba iliyo kwenye barua.

Ukilazimika kuuza nje, jua kinachopandisha na kushusha bei. Kianzio kikubwa kinasaidia, kwa sababu mwenye nyumba aliyeweka fedha nyingi haachi nyumba kirahisi. Historia ya malipo inasaidia kuliko maneno yako yote. Ndiyo maana nawasihi wenzangu waache kupokea marejesho taslimu msikitini au kwenye maegesho ya kanisa: malipo yasiyo na alama yoyote benki, kwa mnunuzi wa hati, ni kama hayakufanyika. Mahali nyumba ilipo nako kuna uzito. Texas, mdaiwa akishindwa, nyumba inaweza kuuzwa kwa mnada wa Jumanne ya kwanza ya mwezi bila kesi mahakamani. New York lazima kesi, na kesi huchukua muda mrefu. Mnunuzi anaipima tofauti hiyo kwa dola.

Kodi nayo inawashtua watu. Ukiuza kwa awamu, faida yako unaitangaza kidogo kidogo kila mwaka kwa Fomu 6252 ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Siku unapoiuza hati, faida iliyokuwa bado haijatozwa huangukia mwaka huo huo. Kama nyumba ilikuwa makazi yako kwa angalau miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuiuza, kwa kawaida faida ya hadi dola 250,000 haitozwi, au 500,000 kwa mume na mke wanaowasilisha taarifa ya kodi pamoja, na wengi hapo wanapona. Iliyokuwa ya kupangisha ndiyo inauma. Muone mhasibu kabla ya kusaini, maana ile 68,000 inaweza isiwe 68,000 ikifika Aprili, mwezi wa kuwasilisha hesabu za kodi.

Na kabla ya yote, itafute hati yenyewe. Nakala ya simu haitoshi, wala fotokopi. Mnunuzi anataka ile ya asili, yenye saini ya wino ya mdaiwa, na benki ya mdaiwa nayo itataka ushahidi kwamba deni limefutwa na rehani imeondolewa kaunti. Ikipotea, kuna kiapo cha kupotea kwa hati, lakini wanunuzi wengine hushusha bei kwa sababu yake na wengine huondoka kabisa. Nimeona hati za dola elfu tisini zimekunjwa ndani ya bahasha ya bili ya umeme, chini ya godoro. Iweke kwenye sanduku la benki au kwa wakili wako, kisha mpigie simu mdaiwa umuulize yukoje.