Toni ya Brian May: kompyuta imeweza wapi, imekwama wapi

Ukitaka kujua kama kompyuta imeweza kweli kuziiga amplifaya za valvu, zile za kizamani zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo, usiipe mtihani mwepesi. Ipe Brian May. Mpiga gitaa huyu wa Queen, bendi iliyoimbiwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Unguja, ana sauti ambayo hata asiyejua gitaa huitambua baada ya noti mbili tatu. Ni nene lakini haina ukali, inaimba zaidi ya kukwaruza, na karibu kila kifaa kilichoitengeneza ni cha kuokoteza au cha kuundwa kwa mkono.

Wapo wanaoapa kuwa sauti hiyo haipatikani bila amplifaya ya Vox AC30 halisi, yenye valvu zake nne za EL84 na spika mbili za inchi 12, imefunguliwa hadi mwisho. Wapo wanaowacheka, wakidai laptopu ya kawaida na programu ya bure vinatosha, na kwamba anayetetea valvu anatetea pesa alizokwisha kuzitumia. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja, ila zinagombania kipande kisichostahili ugomvi. Amplifaya ndiyo sehemu ambayo kompyuta imeiweza zaidi. Inakokwama ni kabla ya amplifaya, na baada yake.

Tuwatendee haki watu wa valvu kwanza: mashine za mwanzo za kuiga amplifaya zilistahili kubezwa. Line 6 ilipotoa POD mwaka 1998, kile kidude chekundu chenye umbo la figo, wengi tulikipenda kwa mazoezi ya usiku. Lakini ukiugusa uzi kwa upole au ukiuchapa kwa nguvu, jibu lilikuwa karibu lilelile. Amplifaya ya valvu haifanyi hivyo. Ukiigusa kidogo inanong'ona, ukiichapa inajibana na kukoroma, na kati ya hapo kuna ngazi nyingi ambazo mkono wa mpigaji huzizoea hadi anasahau kuwa zipo. Aliyesema mwaka 2000 kwamba dijitali haina uhai hakuwa mshamba.

Mambo yalibadilika mbinu ilipobadilika. Badala ya kukokotoa kila kipande cha saketi, Kemper ya Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilileta mashine inayoisikiliza amplifaya yako na kuinakili. Leo kuna Neural Amp Modeler, programu iliyoanzishwa na Steven Atkinson, inayotolewa bure na msimbo wake ukiwa wazi kwa kila mtu. Kazi yake ni rahisi kueleza. Unapitisha faili la sauti za majaribio la dakika chache ndani ya amplifaya, unarekodi kinachotoka, kisha mtandao wa nyuroni bandia unajifunza kugeuza cha kwanza kuwa cha pili, ukirudia na kujisahihisha hadi tofauti iwe ndogo mno. Programu haijui valvu ni nini wala transista ni nini. Inajua tu kwamba kikiingia hiki, hutoka kile. Matokeo yake ni mazuri kiasi kwamba ndani ya wimbo, pamoja na ngoma na besi, mimi nisingethubutu kuweka dau kuwa nitaitofautisha na amplifaya yenyewe.

Udhaifu wa mbinu hii unajulikana: nakala moja ni ya mpangilio mmoja. Ukizungusha nobu ya besi au ya geini (kiasi cha kusukuma sauti) kwenye amplifaya, unahitaji nakala nyingine. Kwa mpigaji anayebadilisha mipangilio kila wimbo, hilo ni tatizo la kweli.

Ila kwa May si tatizo. AC30 zake hutumia chaneli moja tu, inayoitwa Normal, sauti imefunguliwa yote, basi. Hagusi tena. Akitaka sauti safi ya kusindikiza, anapunguza nobu ya sauti kwenye gitaa lenyewe. Akitaka solo, anaifungua. Amplifaya inabaki palepale. Yaani mtu ambaye vifaa vyake vinaonekana vigumu kuliko vyote kuigwa, kwa upande wa amplifaya ni miongoni mwa walio rahisi zaidi kunakiliwa.

Mfano bora ni kile kiamplifaya kinachoitwa Deacy. Mwaka 1972 hivi, mpiga besi wa Queen, John Deacon, aliyesomea elektroniki, aliokota bodi ya saketi kwenye taka za ujenzi jijini London, akaiweka ndani ya kasha dogo la spika la kukaa rafuni. Inatumia betri na transista za zamani za germaniamu. Haina nobu ya sauti, haina nobu ya toni, haina chochote cha kuzungusha. Baadaye ilibainika kuwa bodi hiyo ilitoka kwenye redio ya kubebeka ya Supersonic, iliyotengenezwa kusini mwa Afrika. May alikitumia kurekodi magitaa yanayosikika kama klarineti na tarumbeta. Kwenye wimbo wa Good Company wa mwaka 1975, ile bendi ya jazi unayoisikia ni gitaa tupu. Kwa miongo kadhaa mafundi walihangaika kukiiga kwa kutafuta transista zilizofanana. Kwa programu ya kunakili, kifaa kisicho na nobu ni zawadi: nakala moja tu, na umekimaliza chote.

Hapo dijitali imeshinda, na sioni haja ya kuendelea kubishana.

Sasa turudi kwenye kinachotangulia amplifaya. Kati ya gitaa la May na AC30 kuna kidude kinachoitwa treble busta, saketi ndogo ya transista inayosukuma sauti za juu na kuilazimisha amplifaya ikorome. Busta hii ina tabia ambayo vifaa vya kisasa viliundwa viikwepe: impidensi yake ya kuingilia, yaani ukinzani wake kwa umeme unaoingia, ni ndogo, kwa hiyo inaunyonya umeme wa pikapu za gitaa (sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na kubadilisha namna zinavyoitikia. Koili za pikapu, waya na busta vinakuwa saketi moja. Ukipunguza sauti kwenye gitaa, uhusiano wote huo unabadilika, na ndiyo maana May akipunguza nobu, sauti inasafika kwa namna yake ya pekee badala ya kufifia tu.

Fikiria sasa aliyenakili busta na AC30 kwa pamoja kutoka kwenye kompyuta. Sauti za majaribio zilitoka kwenye kadi ya sauti, si kwenye koili ya gitaa. Kwa hiyo alichokinasa ni busta ambayo haijawahi kukutana na gitaa. Wewe unakuja na gitaa lako, unalichomeka kwenye kadi ya sauti yenye impidensi kubwa, na ule mvutano wa pikapu na busta haupo upande wako wala kwenye faili. Noti nzito ya solo inasikika sawa. Punguza nobu hadi nusu, ndipo uongo unapojitokeza.

Kampuni zinalijua hili. Mashine za kuiga amplifaya kama Helix na Axe-Fx zinakuwezesha kubadilisha impidensi ya kuingilia ili pikapu zibanwe kama zinavyobanwa na busta halisi, na msaada wake unasikika. Lakini dawa nafuu zaidi ni ya kizamani: weka busta halisi mbele ya kadi ya sauti, kisha tumia nakala ya AC30 peke yake. Saketi yenyewe ni transista moja na vipande vichache. Fundi yeyote mzuri wa redio wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anaweza kuichomelea akipewa mchoro. Wala huhitaji kukesha ukisaka germaniamu, maana busta alizotumia May miaka ya baadaye ni za silikoni.

Kuna na kosa la pili, dogo, linalowapotosha wengi kuliko hilo: kiwango cha sauti inayoingia. Nakala ilifunzwa kwa kiwango fulani cha umeme. Ukiiweka geini ya kadi yako chini, programu inadhani umegusa nyuzi kwa ncha za vidole, na inakupa AC30 iliyolala. Ukiiweka juu mno, kila kitu kinakoroma na nobu ya gitaa haisafishi chochote. Nimewasikia watu wakihukumu teknolojia nzima kwa sababu ya nobu moja iliyokaa vibaya upande wa kushoto wa meza yao.

Halafu kuna gitaa lenyewe, ambalo hakuna faili linaloligusa. Gitaa hilo, Red Special, May alianza kuliunda na baba yake mwaka 1963. Shingo ni mbao ya fremu ya jiko la kuotea moto, na springi za mkono wa kutetemesha zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Pikapu tatu za Burns zimeungwa kwa mfululizo, kila moja na swichi ya kuiwasha na swichi ya kuigeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi lake. Ndani ya mwili wake kuna matundu yaliyoachwa kwa makusudi: May alitaka gitaa liitikie mvumo wa spika, liendelee kuimba lenyewe noti ikishapigwa. Na badala ya pleki ya plastiki anatumia sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita, yenye meno ukingoni, yanayotoa mchakacho mwepesi mwanzoni mwa noti. Chukua gitaa la kawaida na pleki laini, pakia nakala bora kuliko zote duniani, na utapata AC30 safi sana inayopigwa na mtu mwingine.

Kwenye suala la kuimba kwa gitaa, watu wa valvu wanasema jambo la kweli kwa sababu isiyo ya kweli. Wanadai valvu ndizo zinazolifanya gitaa liitike. La hasha, ni hewa. Spika ikivuma kwa nguvu karibu na gitaa, mbao na nyuzi zinatetemeshwa upya na noti haifi. Ukivaa hedifoni, mzunguko huo umekatika, iwe unatumia valvu au kompyuta. Pitisha programu hiyohiyo kwenye spika kubwa jukwaani, usogee, na gitaa litaanza kulia.

Upande wa baada ya amplifaya nao una mkanganyiko. Tunachokiita toni ya Brian May wengi tumekijua kupitia rekodi, na kwenye rekodi hatusikii amplifaya. Tunasikia amplifaya iliyopita kwenye maikrofoni, chumba, meza ya kuchanganyia, tepu, na masikio ya prodyuza Roy Thomas Baker. Programu pamoja na IR, lile faili linaloiga spika na maikrofoni, zinakupa sauti ya chumba cha prodyuza. Anayeilinganisha na amplifaya inayompiga kwenye magoti akiwa amesimama mita mbili mbele yake atasema haina mwili, na ni kweli haina, lakini hata Queen wenyewe kwenye santuri hawana mwili wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, magitaa mengi ya May ni sauti juu ya sauti, kila moja imepigwa upya, zimepangwa kama kwaya. Ukipiga mara moja tu, hata kwa AC30 yake mwenyewe, hutaifikia rekodi.

Wanaoona haya ya kuiga wamkumbuke May mwenyewe. Akiwa kijana alimfuata mpiga gitaa wa Ireland, Rory Gallagher, baada ya onyesho, akamuuliza anapataje sauti ile. Jibu lilikuwa AC30 na treble busta. May akaenda kutafuta vitu vilevile. Alipochomeka Red Special hakusikika kama Gallagher hata kidogo, na hajaacha kukiri tangu hapo kwamba sauti yake anadaiwa na Gallagher.

Hoja ya valvu ninayoiheshimu ni ya uhai wa kifaa. AC30 ya miaka ya 1960 inafunguliwa, inabadilishwa valvu na kapasita, inarudi kazini. Programu uliyoinunua inaweza kukataa kufunguka siku kompyuta ikipandishwa mfumo, na kampuni ikifungwa umekwisha. Faili za msimbo ulio wazi zinapunguza hofu hiyo, haziiondoi.

Lakini AC30 ina uzito unaopita kilo 30, valvu zake huku kwetu ni za kuagiza, na wati 30 zikifunguliwa zote ni kelele isiyovumilika kwenye nyumba ya kupanga ya Sinza au Umoja. Kanisani, ambako wapiga gitaa wetu wengi ndiko wanakojifunzia jukwaa, gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mixa. Mbele ya hali hiyo ubishi wa valvu ni wa kinadharia tu.

Kijana mwenye bajeti ndogo anayeitaka sauti hii ningemwambia aanze na busta, aweke geini ya kadi ya sauti sawasawa, apakue nakala ya bure ya AC30 iliyofunguliwa yote, atafute sarafu yenye meno, kisha ajifunze kupiga mstari mmoja mara tatu bila kutofautiana. Akija kupata pesa ya AC30, amplifaya hiyo ataichomeka kwenye busta ileile.