Saa saba mchana Nairobi: sufuria inayoisha au menyu ndefu?

Mabishano ya ofisini kuhusu mahali pa kula mchana huishia kwenye bei. Wa kibanda humcheka wa mkahawa kwamba anakula kodi ya nyumba. Wa mkahawa humtisha mwenzake kwa homa ya matumbo. Wote wawili wana hoja, ila wote huruka swali linaloamua mengi zaidi: chakula hicho kilipikwa saa ngapi, na huisha saa ngapi?

Tuanze na muda. Mapumziko ya saa saba hadi saa nane si dakika 60 za kula. Kwenye jengo refu, lifti peke yake inaweza kumeza dakika tano hadi kumi kila ofisi inaposhuka kwa pamoja. Mita 400 kwa miguu ni kama dakika tano kwenda na tano kurudi, na ukiwa Upper Hill, kule kwenye mwinuko, ongeza mbili. Zimebaki kama 40. Hoteli ya kawaida ya Mtaa wa Tom Mboya au River Road, inayopakua kutoka kwenye sufuria, hukuletea dengu, maharagwe, matumbo au githeri kabla hujamaliza kunawa mikono. Mkahawa unaopika kwa oda hauwezi hivyo. Kuku wa kuchoma huhitaji dakika 20 hadi 30 jikoni kukiwa kumetulia, na saa saba na robo hakuna jiko lililotulia. Oda 20 zikiingia pamoja, yako haicheleweshwi na uvivu wa mhudumu. Inangoja nafasi motoni. Kosa hilo hilo hufanywa hata hotelini: mtu huingia mahali pa sufuria, kisha akaagiza samaki wa kukaangwa upya, halafu analalamika kuwa wenzake wamekula wakaondoka.

Upande wa afya ndio wenye utata, na hapa kibanda huhukumiwa kwa sura. Mwaka 2017, kipindupindu kilipozuka Nairobi, walioambukizwa walikuwamo wageni wa mikutano waliokula kwenye hoteli kubwa, zile za vitambaa vyeupe mezani. Vigae vya ukutani haviui bakteria. Moto ndio unaoua, pamoja na muda mfupi kati ya moto na sahani. Chakula kilichopikwa kinapaswa kubaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kipakuliwe. Kikishuka hapo kikakaa vuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu za bakteria zilizostahimili mchemko huamka na kuzaana, hasa kwenye wali na kwenye mchuzi mzito wa nyama. Baadhi ya sumu zinazotokana na wali huo hazivunjiki hata ukiupasha tena, kwa hiyo “kimepashwa moto” si kinga.

Kibanda chenye foleni kina faida ambayo hakijaitangaza: sufuria iliyoiva saa tano imekwisha saa saba unusu. Hakuna kiporo kwa sababu hakuna kilichobaki. Mkahawa wenye menyu ya kurasa nane, kinyume chake, hulazimika kupika baadhi ya vitu mapema, kuvipoza na kuvihifadhi kwenye friji, kisha kuvipasha. Friji ikiwa nzuri na jenereta ikiwaka umeme unapokatika, hakuna tatizo. Ila mteja hana njia ya kuliona hilo akiwa mezani.

Lakini hoja hiyo isisukumwe kupita kiasi. Kinachopikwa kibandani kinaweza kuwa salama na kisichopikwa kikakuangusha. Kachumbari inaweza kuoshwa kwa maji ya mtungi, ikakatwa kwenye ubao uliokatiwa nyama, kisha ikakaa wazi. Mahali pasipo na bomba la maji, ikatae hata kama ni ya bure. Parachichi likatwe mbele yako. Tazama pia sahani zinaoshewa wapi. Beseni moja la maji ya kijivu linalozungusha sahani zote tangu saa sita ni sababu tosha ya kuondoka. Jingine: anayepokea pesa ndiye anayeshika chapati kwa mkono? Malipo kwa M-Pesa yamepunguza tatizo hili, lakini noti bado zinazunguka.

Hotelini tazama ukutani karibu na keshia. Pawepo kibali cha biashara cha kaunti na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, ambavyo hudumu miezi sita tu. Cheti cha mwaka juzi ni pambo. Sufuriani tazama mvuke. Mchuzi uliotanda utando juu na wali uliokauka pembeni vimekaa muda mrefu, na mpakuaji anayechota kutoka chini bila kukoroga anajua anachokificha.

Chips ni kesi ya peke yake. Mafuta yanapaswa kuwa karibu nyuzi 175 hadi 180. Wakati wa msongamano mpishi hujaza kikapu kupita kiasi, joto hushuka, viazi hunyonya mafuta badala ya kukaangika, na unapewa kitu laini kinacholowesha karatasi. Mafuta meusi yanayotoa povu na moshi yametumika mara nyingi mno. Anayetaka chips aende saa sita, au aache kabisa hadi jioni.

Sasa pesa. Chukua sahani ya shilingi 180 kibandani na ya 900 mkahawani: kwa siku 22 za kazi ni 3,960 dhidi ya 19,800. Katika ile 900, kama imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, karibu shilingi 137 si chakula. Zinazobaki hulipia pia kiti, choo safi, intaneti na utulivu. Kuviita vitu hivyo anasa si haki. Anayekutana na mteja, au anayehitaji kuketi saa nzima na kompyuta, amepata alicholipia. Kibandani benchi ni la watu sita na wa saba amesimama nyuma yako. Kama kampuni ndiyo inayolipa, utahitaji risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, na mama wa dengu mara nyingi hana. Na ukitoka kazini saa tisa, mizani inageuka: sufuria zimebaki ukoko, wakati jiko la mkahawa limepumua na oda yako inatoka haraka.

Katikati ya kibanda na mkahawa, kwa mtu mmoja mwenye saa moja, hoteli ya kawaida yenye sufuria chache, maji ya bomba na bei ya katikati ndiyo inayostahili miguu yako siku nyingi za wiki. Iwe na vyakula sita au saba, si thelathini. Fika saa sita na dakika arubaini ikiwa bosi anaruhusu. Zile dakika ishirini zinaondoa foleni ya lifti na ya keshia kwa pamoja. Pale unapolipa kwanza, uliza kabla ya kulipa kama matumbo bado yapo, maana kurudishiwa pesa saa saba ni foleni nyingine. Lipa kwa namba ya Lipa na M-Pesa ya duka kuliko kutuma kwa simu ya mhudumu: mteja hakatwi ada, na hakuna mabishano ya nani amepokea.

Uwe na mahali pa pili. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakipita, kibanda cha jana kinaweza kuwa mbao barabarani leo. Ijumaa karibu na Msikiti wa Jamia, Banda Street hujaa waumini wakati wa swala, na hoteli nyingi za Waislamu husimamisha huduma kwa muda. Ukitaka pilau siku hiyo, nenda mapema au subiri swala iishe. Baada ya mshahara mikahawa hujaa. Januari foleni yote huhamia kwenye dengu, na hapo hata saa sita na dakika arubaini umechelewa.