Mikataba Minne, Mfuko Mmoja wa Unga

Jamani, nisaidieni kuhesabu. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, sisi Wakongo tumo tangu 1994, enzi bado tunaitwa Zaire. SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tukaingia 1997. Mwaka 2022 tukajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna na ule mkataba wa biashara huru ya Afrika nzima, uliotiwa saini Kigali 2018. Kongo tumekuwa mume wa wake wanne anayelala njaa: kila mke anadhani ameshakula kwa mwenzake.

Juzi mama watoto akasema unga wa Zambia ni nafuu ukiufuata mwenyewe. Nikadandia teksi ya mpakani Kasumbalesa, karibu kilomita mia moja toka Lubumbashi, pembeni malori ya shaba yamejipanga. Foleni ile watu wanaishi mle. Dereva mmoja ameanika kaptula kwenye kamba kati ya tela mbili, chini yake anasonga bukari, ugali wetu, polepole, kama mtu aliyelipa kodi ya nyumba.

Nikavuka, nikapata kilo zangu 25, nikarudi nazo begani. Meza ya kwanza ya maofisa wa mpakani:

"Huu unga umetoka wapi?"

Mfuko umeandikwa Zambia kwa herufi kubwa kama kichwa changu. Zambia yenyewe iko nyuma yangu, mbuzi wake naisikia.

"Zambia, shefu."

"Cheti cha asili?"

Kumbe bila karatasi hiyo unga ni mtoto wa haramu. Meza ya pili, bwana akachoma kidole kwenye unga, akalamba, akaandika mstari mzima. Nadhani aliandika kwamba ni unga.

Mikataba inasema ushuru wa forodha uondoke. Haya, na aondoke. Lakini ndugu zake wote wamebaki nyumbani: muhuri, usafi, maegesho. Maegesho! Nimeegesha nini mimi, mabega?

Na nishukuru mpaka ulikuwa wazi. Agosti 2024 sisi tulizuia bia na soda za Zambia, wao wakafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Wote wawili wana-COMESA, na makao makuu yake yako Lusaka hapohapo kwao! Wakubwa wanagombania soda, huku mtaani Katuba, Lubumbashi, mimi natazamana na sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na bukari.

Nilifika nyumbani usiku. Mama watoto akajumlisha nauli, meza na mfuko, akanyamaza. Akajumlisha tena. Halafu akaniambia, bila hata kunitazama, kwamba duka la kona wameshusha bei tangu asubuhi.

Sijavua viatu, hodi. Jirani, bakuli mkononi, anaomba unga kidogo tu wa watoto, amesimama mlangoni kwangu kama dakika tano hivi.

Nikamwuliza kama amelipa maegesho.