Mngemuuliza kwanza kama alisikia uchungu

Juzi nilikwenda kumpa pole dada mmoja aliyepoteza mimba ya wiki 21, ya pili hiyo, nikakaa pale kama saa mbili na kwa hasira nikajikuta nahesabu maswali anayoulizwa. Ulibeba kitu kizito? Ulipanda ngazi? Si nilikwambia usisafiri? Shangazi yake akamuuliza kwa sauti ya upole, ule upole unaokata kuliko kisu, kama yeye na mumewe walikuwa "wanapumzika" au la. Maswali 11, nimeyahesabu. Na lile moja la maana, la kujua kama ni shingo ya kizazi (ndo huo mlango wa kizazi) iliyoshindwa kuhimili mimba, hakuna aliyeliuliza, hadi mimi nishavaa viatu natoka ndo nikarudi nikamwinamia nikamuuliza, hivi mdogo wangu, ulisikia uchungu?

Akanitazama weee. Akasema, "Dada, hata kidogo. Nilisikia uzito tu huku chini kama kitu kinashuka, nikajua ni tumbo, nikaenda chooni, nikashika kama kifuko." Na ile ya kwanza je? "Hivyohivyo."

Nikavua viatu tena.

Sasa hasira yangu wala haimuendei shangazi (haya, inamuendea kidogo). Alinionyesha faili lake. Ile mimba ya kwanza imeandikwa hivi: imeharibika, wiki 19. Basi, imeisha hiyo. Ilianzaje hakuna. Maji yalipasuka kwanza au mlango wa kizazi ulifunguka kwanza, hakuna. Kama kulikuwa na homa, damu nyingi, mtoto alikuwa hai au alishafia tumboni kabla, hakuna. Mtu kapoteza mtoto, mwingine kaandika maneno matatu akafunga faili akaita anayefuata. Halafu mimba ya pili daktari mwingine anafungua anakutana na hayo maneno matatu, afanyeje, apige ramli?

Na hapa ndo panaponiuma zaidi, maana hili tatizo la shingo ya kizazi kushindwa kuhimili mimba halina kipimo cha damu, na hakuna picha utakayopigwa ukiwa huna mimba ikakupa jibu la uhakika. Linajulikana zaidi kwa masimulizi. Mlango unafupika, unafunguka taratibu kati ya miezi ya nne na ya sita, bila uchungu wa maana, pengine ute umeongezeka tu, pengine mgongo unavuta kidogo, mwanamke anapika anafua anacheka na watu huku mlango unafunguka. Akifika hospitali, kifuko cha maji kishaning'inia. Sasa kama kipimo chenyewe ni yale masimulizi, usipoyaandika umetupa kipimo kwenye ndoo ya taka. Ungetupa sampuli ya damu ya mgonjwa ungeitwa ofisini ujieleze. Hii hakuna anayeitwa.

Tena maneno hayo ndo yanayoamua kama mama atashonwa, yaani shingo ya kizazi ifungwe kwa uzi, au hatashonwa. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani unakubali mama ashonwe hata kama amepoteza mimba moja tu ya miezi ya kati, ilimradi mlango ulifunguka bila uchungu na bila kondo la nyuma kuachia. Moja! Ila lazima mtu awe ameandika "bila uchungu". Waingereza wao wanataka tatu ndo wakushone kwa historia peke yake, na siku ya kwanza nasoma hiyo tatu nilitaka kurusha simu ukutani. Haya, niwe mkweli, hawasemi ukae tu ungoje ya tatu, aliyewahi kupoteza anafuatiliwa kwa altrasaundi ya njia ya uke na shingo ikipungua kufika milimita 25 kabla ya wiki 24 anapewa nafasi ya kushonwa. Lakini kufuatiliwa nako kunataka mtu ajue kwamba una cha kufuatiliwa. Tunarudi kwenye faili lilelile.

Na muda hausubiri. Kushonwa kwa kupanga hufanyika wiki ya 12 hadi 14, na mwanamke aliyepoteza mara mbili ndo huyohuyo anayeficha mimba ya tatu, anaogopa hata kuitaja, anakwenda kliniki mwezi wa tano. Simlaumu. Alipokwenda mapema mlimfanyia nini cha maana?

Kazi yenyewe wala si ya kutisha kama watu wanavyosimulia. Mdogo wangu wa tumbo moja alishonwa, ndo maana nina mdomo. Ganzi ya mgongoni, ikapitishwa njia ya ukeni, haikufika saa nzima, uzi ukazungushwa kwenye shingo ya kizazi ukakazwa kama unavyokaza kamba ya mdomo wa mfuko. Mbinu hiyo ni ya daktari McDonald wa Australia, 1957. Kabla yake, 1955, daktari Shirodkar kule Bombay, India, alikuwa anapandisha kibofu cha mkojo ili ashone juu zaidi, na mwanzoni uzi wake ulikuwa kipande cha utando kilichokatwa kwenye paja la mama mwenyewe. Nikiwaza paja lile nanyamaza kulalamika. Waliokwisha kushonwa huku chini ikashindikana wanaweza kushonwa kupitia tumboni, ila hao huzaa kwa operesheni.

Wiki ya 37 mdogo wangu alitolewa uzi bila hata ganzi, dakika chache, alishika mkono wangu hadi pete ikaniachia alama. Nesi akatuonyesha kwenye sahani: utepe mweupe, bapa, mwembamba kuliko kamba ya kiatu, umegeuka rangi kidogo. Mimi nilidhani mtoto angetoka palepale, tukakaa na begi mlangoni siku kumi na mbili.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkaenda kudai wote mshonwe. Daktari anayekataa kushona ovyo yuko sahihi, na inaniuma kuandika hivyo. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa 1993 wenye wanawake 1,292 ulionyesha faida kwa kama mmoja kati ya kila 25 walioshonwa, na hao walikuwa wale ambao madaktari wenyewe hawakuwa na uhakika kama wanahitaji, kwa hiyo ukimshona kila mtu unashona wengi bure, na kushona kunaweza kuleta maambukizi au kupasua chupa. Mapacha siyo sababu ya kushonwa. Aliyekwisha kuanza uchungu au ana maambukizi hashonwi. Wengine wenye shingo fupi wanafaidika na projesteroni, homoni ya kutunza mimba, ya kuweka ukeni, hawahitaji sindano wala uzi. Na kulazwa chali miezi mitano miguu juu hakujathibitishwa kusaidia, kunaongeza tu hatari ya damu kuganda, ila jaribu kumwambia shangazi.

Halafu jina. "Kizazi kimelegea." Watu wakisikia kulegea wanaanza kumhesabia mwanamke wanaume wake wa zamani. Kizungu nacho si afadhali, jina lake la zamani, "incompetent cervix", lilikuwa kama unamwambia mfanyakazi hajui kazi. Wengi hakuna hata sababu inayopatikana, wengine walikatwa kipande cha shingo kutibu dalili za awali za saratani, wengine ilichanika wakati wa kuzaa, wengine wamezaliwa hivyo.

Basi nilipovua viatu nikamwomba karatasi. Shangazi akadhani naandika dawa. Tukakaa kitandani, yeye anasema mimi naandika, mimba ya kwanza kisha ya pili, tarehe, saa ngapi alianza kusikia uzito, maji yalitoka lini, homa hakuna, damu kidogo tu mwishoni, uchungu hakuna, hilo nikalipigia mstari mara mbili, nakala moja ikae kwenye faili na nyingine kwenye pochi yake. Nilipotaka kukunja akanishika mkono.

"Dada, andika pia alikuwa hai. Nilimwona anachezesha mkono."

Nikaandika.