Lucille Ball na Lucy ambaye hakukua

Mjadala kuhusu Lucille Ball, mwigizaji wa vichekesho wa Marekani, huishia kwenye swali lilelile: je, aliwafungulia wanawake njia kwenye televisheni, au alipata utajiri kwa kuwachekesha watu kwa gharama ya wanawake wenyewe? Katika kipindi cha I Love Lucy, kilichoanza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha CBS Oktoba 15, 1951, aliigiza Lucy Ricardo, mama wa nyumbani wa New York anayetamani kupanda jukwaani kama mumewe, Ricky. Hupanga hila ya kutoka jikoni, hila inamwangukia, anarudi kuomba radhi. Wiki ijayo anaanza upya.

Watetezi wake hukimbilia biashara, na hoja yao ina uzito. Lucille na mumewe halisi, Desi Arnaz wa Kuba, aliyeigiza Ricky, walikubali kupunguziwa malipo ili kampuni yao, Desilu, imiliki kazi hiyo. Enzi hizo vipindi vingi vya Marekani vilirushwa moja kwa moja, basi vikapotea. Wao walipiga kwa filamu, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji waliojaa ukumbini, ndiyo maana kipindi kiliweza kurudiwa na kuuzwa miaka na miaka. Mwaka 1962, baada ya talaka, Lucille alinunua hisa za Desi akashika studio peke yake. Tamthilia za Star Trek na Mission: Impossible zilizaliwa Desilu kabla hajaiuza mwaka 1967, kwa dola milioni 17.

Yote hayo ni kweli, lakini hayajibu shtaka. Aliyekaa mbele ya televisheni mwaka 1952 hakuona mikataba. Alimwona Ricky akimlaza mkewe magotini na kumchapa kama mtoto, huku watu wakicheka. Jambo hilo lilitokea zaidi ya mara moja, nami sioni namna ya kulitetea, hata kwa kusingizia enzi.

Utetezi ninaoukubali umo ndani ya vichekesho vyenyewe. Itazame ile sehemu maarufu ya kiwanda cha chokoleti, ya 1952. Waume na wake wanabishana kazi ya nani ni ngumu, kisha wanabadilishana. Lucy na jirani yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wanazidiwa na mkanda unaokimbia, wanasokomeza chokoleti mdomoni, kifuani na ndani ya kofia. Wengi hukumbuka hapo tu. Wanasahau Ricky jikoni, wali umefurika chungu mpaka sakafuni. Wanaume wameshindwa vilevile, na mwandishi mmojawapo wa sehemu hiyo alikuwa mwanamke, Madelyn Pugh.

Halafu kuna ujauzito wake. Wakubwa wa kituo na wadhamini walikuwa na wasiwasi kuonyesha tumbo la mjamzito, na hata neno hilo halikuruhusiwa kutamkwa. Lucille aliendelea kuigiza. Januari 19, 1953 alijifungua mtoto wa kiume, na usiku wa siku hiyohiyo Lucy Ricardo naye akajifungua wa kiume mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kuwa milioni 44. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba mwanamke mwenye mimba hafai kuonekana.

Kinachonisumbua ni miaka iliyofuata, alipokuwa na mamlaka yote. The Lucy Show ilianza mwaka 1962 kwa matumaini: Lucy mjane, Vivian Vance mwanamke aliyeachika, wanalea watoto bila mume wa kuwaamuru. Taratibu kikawa kipindi cha karani wa benki anayefokewa na Bwana Mooney, yaani Gale Gordon. Ilipokuja Here's Lucy mwaka 1968, Gordon alikuwa bosi tena, akifoka vilevile. Mwanamke aliyeendesha studio hakutuonyesha hata siku moja Lucy anayeweza kazi yake. Watazamaji walimpenda hivyo, najua, na kubadilisha kinacholipa ni hatari. Lakini mwaka 1970, CBS hiyohiyo ilionyesha The Mary Tyler Moore Show, yenye mwanamke asiyeolewa, mtayarishaji wa habari, na watu wakacheka bila yeye kufanywa mjinga.

Mwaka 1986, akiwa na miaka 75, Lucille alirudi kwenye televisheni, safari hii kituo cha ABC, na kipindi cha Life with Lucy, pamoja na Gale Gordon. Ilifutwa baada ya sehemu 8 kuonyeshwa. Wengi walisema amezeeka mno kwa vituko vile. Mimi nadhani uzee haukuwa tatizo: hadhira ilikuwa imeshazoea wanawake wa aina nyingine, na yeye alileta yuleyule wa 1951.