Niacheni Nipige Randa

Hivi nani aliyewadanganya vijana wetu kwamba kila mwenye biashara lazima awe mwandishi? Mama ntilie, mwandishi. Fundi cherehani, mwandishi. Mwenye mashine ya kusaga naye anaambiwa akae chini awasimulie walimwengu safari ya punje ya hindi. Mimi ni seremala wa Keko. Nachonga vitanda, makabati, meza za kulia, na mwezi ukiwa mbaya nachonga hata mabenchi ya baa. Kazi hii inataka randa, patasi, gundi na mteja mwenye hela. Haijawahi kutaka aya ya utangulizi.

Lakini mpwa wangu kasomea masoko chuoni, na tangu ahitimu soko lake la kwanza ni mimi. "Anko, siku hizi mteja anaanzia Google. Ukiwa na blogu, mtu wa Mbezi akitafuta kitanda anakukuta wewe." Nikamuuliza, kwani huyo mtu wa Mbezi zamani alikuwa ananipataje? Alikuwa anapanda daladala, anashuka Keko, anafuata vumbi la msasa mpaka linamfikisha kwangu. Akasema hayo ya kizamani. Akanifungulia blogu, akaipa jina refu kuliko kibao changu, kisha akanipa masharti: makala moja kila wiki, maneno yasipungue mia tano, na kila baada ya hatua mbili nirudie "vitanda vya kisasa Dar es Salaam" ili Google inielewe.

Jaribu wewe. Kaa chini uandike maneno mia tano kuhusu stuli. Stuli ina miguu minne na pa kukalia. Basi, nimemaliza. Hayo ni maneno saba, bado mia nne tisini na tatu. Nikachomeka "vitanda vya kisasa Dar es Salaam" mara tatu, yakabaki mia nne sabini na tano, na stuli yenyewe nilikuwa nimeshaimaliza na kuiuza.

Nikaona heri niandike kitu ninachokijua, nikaandika mninga. Hapo, kusema kweli, mkono ulikwenda wenyewe. Nikaeleza kuwa ni mti wa misitu ya miombo, kule Tabora na Katavi, ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu. Kwamba mche wake kila kiangazi unakauka juu, mvua zikija unachipua tena, miaka inakwenda hivyo huku mzizi ukijijenga chini, ndipo siku moja ukaamua kuwa mti. Kwamba mbao yake ikishakauka sawasawa haichezi: haipindi, haivimbi masika, na mchwa anaipita pembeni. Halafu nikaingia kwenye uchafu wa mjini. Kuna watu wanachukua msonobari, mbao nzuri tu ya kenchi inayoshuka kutoka Mufindi, wanaupaka vanishi ya rangi ya mninga, wanauza kwa bei ya mninga. Nikawafundisha wasomaji namna ya kuwakamata: pindua kitanda, tazama chini ya chaga na nyuma ya droo ambako vanishi haikufika, tafuta vile vifundo vya matawi, nyanyua usikie uzito.

Makala ya haki kabisa. Wiki iliyofuata kila aliyeingia karakana yangu alikuwa mpelelezi.

Mama mmoja kapindua kitanda changu, sita kwa sita, kimekwisha vanishi kinasubiri gari, akakikwangua kwa ufunguo. Mama, unafanya nini? Akanionyesha simu. "Fundi, si mmeandika wenyewe tuchunguze?" Akachunguza, akaridhika, akatikisa kichwa kwa heshima: huu mninga kweli. Kisha akavuka barabara akanunua cha msonobari, maana sasa ameelimika, anajua mninga una haki ya kuwa ghali. Mimi nikabaki napiga msasa mkwaruzo wa elimu.

Bei ndiyo usiseme. Najua wote tunachukia mambo ya "bei njoo inboksi", hata mimi nikinunua simu nachukia. Mpwa akasema tuwe wa wazi, tuandike bei. Tukaandika. Mbao zikapanda, vanishi ikapanda, nauli ya mkokoteni ikapanda, makala ikabaki pale pale ilipo. Anakuja mtu na bei ya mwaka juzi, kaipiga picha kabisa, kaikuza ile namba. Ukimwambia mambo yamebadilika anakuangalia kwa huzuni, kama hakimu anayemjua baba yako.

Na picha! Kuna mwenzangu mtaa wa pili, jina lake nalihifadhi kwa sababu tunakopeshana msumeno, huyo anachukua picha za kazi zangu anaziweka kwake na namba yake. Sasa siku moja anakuja kijana na picha kwenye simu: "Fundi, unaweza kunitengenezea kitanda kama hiki?" Natazama, ni kitanda changu. Nyuma yake naonekana mguu wangu, na ndala yangu ya bluu. Namtajia bei. Anacheka. "Mbona aliyekitengeneza kaniambia laki moja pungufu?"

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonimaliza ni muda.

Fundi wa mbao ana haki zake za asili. Ana haki ya kusema njoo keshokutwa. Ana haki ya umeme kukatika. Ana haki ya gundi kutokauka kwa ajili ya mvua, hata kama mvua yenyewe ilinyesha Morogoro. Na ana haki ya kuwa msibani. Hazimo kwenye Katiba, ila mteja na fundi wanazitambua na wanaziheshimu: yeye anajua nadanganya, mimi najua kwamba anajua, tunaulizana habari za nyumbani, maisha yanaendelea. Blogu imekuja kuvunja mapatano haya.

Kuna dada wa Kigamboni, kabati lake la milango minne limechelewa kidogo. Kidogo ya kifundi. Kapiga simu, nikamwambia dada yangu niko msibani Mkuranga, hata mtandao unasumbua. Akasema pole sana fundi, marehemu ni nani? Kabla sijamchagua marehemu, nikamsikia anasoma polepole: "Siri tano za kutunza meza ya kulia. Imewekwa leo, saa tisa na nusu alasiri." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Hiyo meza ilikuwa ya marehemu?"

Ninyi mnaelewa kwamba mpwa anaweza kuipanga makala Jumapili ikajitokeza yenyewe Alhamisi. Hebu mwelezee hivyo mtu ambaye nguo zake bado ziko kwenye mifuko ya rambo. Siku hizi kila nikitoa makala, wadai wote wanaisoma kwanza kuangalia saa. Hao ndio wasomaji wangu waaminifu. Wengine wanaacha maoni: "Makala nzuri sana fundi, na kabati je?"

Sasa msikie iliyosomwa kuliko zote. Ni ya kutunza kitanda. Nilifika mwisho, maneno hayajatimia, nikajazia kunguni. Nikasema kunguni hakai kwenye godoro peke yake, anajificha kwenye maungio, kwenye matundu ya skrubu, chini ya chaga. Kwamba kuanika godoro tu ni kumpunguzia majirani. Kwamba anaweza kukaa miezi bila kula, anakusubiri urudi safari. Nikaongeza kuwa maji yanayochemka yanaua kunguni na yanaua vanishi pia, hiyo ya pili njoo tuongee bei.

Kumbe Waswahili tunanyonywa kimyakimya. Simu zinaingia kutoka Mwanza, Mombasa, Bujumbura, hadi Muscat kuna mtu kaniachia ujumbe wa sauti anaongea kwa kunong'ona, nadhani hakutaka wenye nyumba wasikie. Hakuna hata mmoja aliyeulizia kiti. Mlezi wa bweni fulani ananiomba ankara ya kupulizia vitanda themanini, na je, pampu nakuja nayo? Nikamwambia mama, mimi natengeneza vitanda. Akasema, "Vitanda tunavyo, fundi. Tatizo ni wakazi."

Kibaya zaidi, Google nayo imenielewa, tena vizuri mno. Mtu akitafuta kunguni Dar es Salaam napatikana mimi, jina la karakana, ramani na picha ya kitanda sita kwa sita. Juzi mteja wa kweli, kavaa saa nzuri, kaja na mkewe kutafuta kitanda cha harusi ya binti yao. Mke akamvuta shati akamnong'oneza, nikasikia: "Si huyu wa kunguni?" Wakasema wanaenda kutafuta maegesho. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele yangu.

Mpwa anafurahi mpaka anaruka. Anko, wasomaji wamepanda! Namuuliza, vitanda je? Anasema hivyo vitafuata, kwanza tujenge imani. Kaniletea na kichwa cha makala ya wiki hii kaandika kabisa kwenye karatasi: "Mende wa Kabatini: Aina, Tabia na Namna ya Kuishi Nao." Maneno elfu moja safari hii, na bando ni juu yangu.